Uzi: Ghala na mti wa matunda vitani. Maandiko yalikataza nini, majeshi yalifanya nini?

Kijana wa Matogoro

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Kila Februari 27 hapa Songea tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nimekuwa nikihudhuria tangu nikiwa mtoto wa kushikwa mkono. Hotuba karibu zote ni za kitanzi, mikuki, risasi, na maji yaliyoshindwa kuzizuia risasi hizo. Ni haki yao kukumbukwa hivyo. Lakini kitanzi cha hapa Songea kiliua watu wasiofika mia, na risasi nazo hazikuua wengi kama tunavyodhani. Kilichowamaliza watu wa kusini ni njaa. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wakapandisha hadi kati ya 250,000 na 300,000.

Njaa ile haikuletwa na mbingu. Wapiganaji walipoacha kushambulia maboma na kuingia porini, Gavana Götzen alituma safu za askari kusini, na kazi yao kubwa ikawa kuchoma vijiji, kuharibu mashamba, kuswaga mifugo na kumaliza nafaka iliyokuwa ghalani. Kapteni Wangenheim aliandika bila kuficha kwamba njaa na ufukara peke yake ndivyo vitakavyowafanya watu wasalimu amri moja kwa moja, na kwamba mapigano ni kama tone tu baharini. Aliyeandika hivyo ni afisa wa nchi ya Kikristo, iliyokuwa na wamisionari wake humu humu ndani ya koloni.

Bibi mzaa mama alikuwa na kibuyu chake darini jikoni, kimezibwa kwa nta. Ndani mlikuwa na mbegu za ulezi na mtama. Mwaka wa mvua mbaya watu walikula hata pumba, kibuyu hakikuguswa. Nilipomuuliza, alisema mama yake alimwambia kwamba wale askari hawakuchoma chakula cha mwaka ule tu, walichoma na mbegu. Vita ikaisha, mvua ikanyesha, na hapakuwa na cha kupanda. Sikuelewa uzito wa maneno hayo mpaka nilipokuwa mtu mzima na kusoma Kumbukumbu la Torati sura ya 20.

Sura hiyo ni sheria ya vita tupu. Inaanza kwa kuwarudisha watu nyumbani: aliyejenga nyumba mpya na hajaiweka wakfu, aliyepanda mizabibu na hajaonja matunda yake, aliyeposa na hajaoa, hata mwenye hofu tu moyoni. Wote warudi. Kisha ukiukaribia mji, uupe kwanza nafasi ya amani. Na mwisho, aya ya 19, ukiuzingira mji kwa siku nyingi, usiiinulie shoka miti yake ya matunda, kwa sababu mti wa shambani si mtu hata uuzingire. Ruhusa ni kukata ile isiyozaa chakula.

Maneno hayo ya mwisho, walimu wa Kiyahudi wameyasoma kwa namna mbili. Rashi aliyasoma kama swali: je, mti ni mwanadamu hata aingie nao kwenye mateso ya kuzingirwa? Ibn Ezra akasema hapana, maana yake ni kwamba uhai wa mwanadamu ni mti wa shambani. Ukiukata, umemkata mtu. Mimi niko na Ibn Ezra, kwa sababu ya kile kibuyu.

Basi nauliza. Inakuwaje sheria iwepo kwenye kitabu kinachosomwa kila Jumapili, halafu jeshi linalotoka kwa wasomaji wa kitabu hicho lifanye kinyume chake kwa makusudi, tena kwa mpango ulioandikwa? Karibuni, Wakristo, Waislamu, wanajeshi na msio na dini pia.

Jiwe la Pembeni

Mtoa mada, nakuheshimu ila umeruka aya. Umesoma ya 10 na ya 19, ya 13 na 16 umeziacha. Aya ya 13 inasema mji ukikataa amani, wanaume wote wapigwe kwa upanga. Ya 16 inasema miji ya mataifa yale waliopewa kuwa urithi, kisiachwe hai kitu chochote chenye pumzi. Kwa hiyo katika sura hiyo hiyo mti una haki ambayo mtoto wa Mkanaani hana.

Ongeza 1 Samweli 15. Sauli anaamriwa awaangamize Waamaleki, mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye. Na kosa lililomnyima ufalme si ukatili, ni kumwacha hai mfalme Agagi na mifugo iliyonona.

Na hata hiyo miti. Fungua 2 Wafalme 3:19. Elisha, nabii wa Mungu, anawaambia wafalme watatu wanaokwenda kuipiga Moabu wakate kila mti mzuri, wazibe chemchemi zote, na kila shamba zuri waliharibu kwa mawe. Aya ya 25 inaeleza walifanya hivyo hivyo. Kapteni Wangenheim angeweza kukujibu kwa Biblia yako, ndugu yangu. Sisemi hivi kwa kejeli. Nilikuwa katekista miaka sita, na aya hizi ndizo zilizoniondoa.

Abuu Nasri

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mada nzito, nami nina la kuongeza kutoka upande wetu, tena bila kuficha palipo pagumu, kwa sababu Jiwe la Pembeni ameonyesha mfano mzuri.

Sayyidna Abubakar (r.a.) alipokuwa akiyatuma majeshi kwenda Sham (Syria na jirani zake), alimsindikiza kwa miguu Yazid bin Abi Sufyan, mmoja wa makamanda wake, na kumpa wasia wa mambo kumi. Imam Malik ameupokea katika Muwatta, kitabu chake cha hadithi. Usimuue mwanamke, wala mtoto, wala mzee aliyechakaa. Usikate mti wenye matunda. Usibomoe mahali panapokaliwa na watu. Usichinje kondoo wala ngamia isipokuwa kwa kula. Usiwachome nyuki wala usiwatawanye. Usiibe katika ngawira, wala usiwe mwoga. Na kabla ya hayo alimwambia atakuta watu waliojitenga kwa ajili ya ibada, yaani watawa, awaache na kile walichojitengea.

Kuhusu wanawake na watoto, msingi ni hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim: katika moja ya vita alionekana mwanamke ameuawa, na Mtume (s.a.w.) akakataza kuua wanawake na watoto. Na Qur'ani 2:190 inaruhusu kupigana na wanaokupigeni, papo hapo inakataza kuvuka mipaka.

Sasa pagumu. Katika mwaka wa nne wa Hijra, Banu Nadhir, kabila la Kiyahudi, walipozingirwa kwenye ngome zao Madina, baadhi ya mitende yao ilikatwa. Jambo hilo lilizua maneno, na Suratul Hashr aya ya 5 ikashuka kusema kwamba mitende mliyoikata na mliyoiacha imesimama juu ya mashina yake, yote ni kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo wanazuoni wakawa na kazi: aya inaruhusu, na khalifa wa kwanza, ambaye Qur'ani ilishuka yeye yupo, anakataza. Al-Awza'i wa Sham alishika wasia wa Abubakar. Wafuasi wa Abu Hanifa waliruhusu kukata. Imam Shafi'i alieleza kwamba Abubakar alikataza kwa kuwa alijua nchi ile itakuwa ya Waislamu, basi kwa nini waharibu mali itakayokuwa yao?

Nimekua nikisomeshwa jibu hilo la Shafi'i na silipingi kielimu, mimi ni nani. Ila moyo wangu umebaki kwa al-Awza'i. Ukisema usikate kwa sababu kesho utakula wewe, basi siku usipotarajia kula, utakata. Wajerumani hawakutegemea kula ulezi wa Wangoni.

Kijana wa Matogoro

Sheikh Abuu Nasri, umenigusa. Torati nayo ina sababu hiyo hiyo ndani yake: usikate kwa maana utakula matunda yake. Sababu mbili ziko pamoja kwenye aya moja, ya tumbo la mshindi na ya mti wenyewe. Nilikuwa sijawahi kuzitenganisha.

Jiwe la Pembeni, kweli niliruka. Nitakujibu, nipe muda.

Binti Chigogo

Njaa ya vita haikuishia kusini. Kwetu Ugogo wazee wanaitaja Mtunya. Ilikuja mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1917. Mvua ilikosekana, ni kweli, lakini Mgogo amezoea mvua kukosa. Hukimbilia ng'ombe wake, au hupeleka mifugo kwa jirani na kurudi na nafaka. Mara hii ng'ombe walishachukuliwa na Wajerumani kulisha jeshi, kisha Waingereza nao wakaja wakachukua, na vijana wakakamatwa kubeba mizigo. Ukame ulikuta watu wameshavuliwa kinga zote.

Ninachotaka kusema ni kwamba Mtunya haikuwa na mtu kama huyo kapteni aliyeandika barua. Hakuna aliyekusudia kuua Wagogo kwa njaa. Jeshi lilikuwa linakula tu. Je, maandiko yenu yanasema nini juu ya jeshi linalokula?

Afande Mstaafu

Binti, swali lako limenifanya niandike, mimi huwa msomaji tu humu.

Nimetumikia jeshi miaka 27. Siwezi kusema nilikuwa wapi na wapi. Kuhusu jeshi linalokula, andiko lipo na ni fupi. Luka 3:14. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza, nasi tufanye nini? Akawaambia: "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mishahara yenu." Wengi wanaisoma wakishangaa kwamba hakuwaambia waache jeshi. Mimi nashangaa kitu kingine: alijua kazi yao. Askari mwenye silaha, njaa tumboni, na mshahara uliochelewa, ndiye hatari ya kwanza kwa kijiji kuliko adui. Uliza mwanakijiji yeyote aliyewahi kupitiwa na kikosi kisicho na posho. Neno mishahara pale ni la msingi kabisa. Jeshi lisilopelekewa chakula litakula cha wenye nchi, hata kamanda awe mcha Mungu namna gani. Hivyo nidhamu ya vita huanzia kwa mwenye stoo.

Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipigana nchi hii na jirani zake miaka minne, 1914 hadi 1918, anasifiwa kwenye vyuo vya kijeshi kwamba hakushindwa. Alikatiwa njia ya meli na ghala za kwao, sawa, lakini alikula nini? Alikula nchi. Na waliomfukuza walikuwa na wapagazi wengi mno, walikufa karibu laki moja upande wa Waingereza peke yake, zaidi kwa maradhi na lishe duni. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, mpaka leo, na wanunuzi wengi hawajui.

Jambo la pili, nalo ni gumu kwangu kuliandika. Mtoa mada unasema Wajerumani walichoma. Maafisa walikuwa Wajerumani, wachache. Aliyeshika kiberiti alikuwa askari Mwafrika. Mwenye ngozi kama yangu, na pengine naye alikuwa na bibi mwenye kibuyu. Tulipokuwa mafunzoni tulifundishwa kwamba amri haramu hairuhusiwi kutiiwa. Darasani ni sentensi rahisi. Porini, usiku, kamanda akisema choma, huna muda wa kufungua kitabu, unachokuwa nacho ni kile kilichokwisha kukaa ndani yako.

Wakili wa Kata

Shikamoo afande, asante kwa uwazi.

Mimi ni mwanasheria, nilete upande wa sheria za kilimwengu, maana wengi hudhani dini ilikuwa katili kisha sheria za kisasa zikaja kuleta huruma. Katika jambo hili la njaa, historia ilikwenda kinyume kwa muda mrefu.

Karne ya 12, Maimonides, Myahudi aliyeishi Misri na kuwa tabibu katika ikulu za enzi ya Salahuddin, aliandika katika kanuni zake kwamba mji unapozingirwa, usizingirwe pande zote nne. Upande wa nne uachwe wazi ili anayetaka kuokoa nafsi yake akimbie. Alichota kwa walimu wa kale waliokuwa wakifafanua vita vya Midiani katika Hesabu 31. Kanuni inayofuata baada ya hiyo ni ile ya miti ya matunda.

Sasa ruka mpaka 1863. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, serikali ya Lincoln ilitoa kanuni za jeshi zilizoandikwa na msomi wa sheria, Lieber, zinazosifiwa kuwa mwanzo wa sheria za kisasa za vita. Kifungu cha 17 kinasema ni halali kumshindisha adui njaa, awe na silaha au asiwe nazo. Cha 18 kinaruhusu raia wanaofukuzwa kutoka mji uliozingirwa warudishwe ndani, ili chakula kiishe upesi. Yaani ule upande wa nne ukafungwa kwa sheria.

Mwaka 1941 Wajerumani waliuzingira Leningrad. Kuzingirwa kuliisha Januari 1944, na waliokufa, wengi kwa njaa, walikaribia milioni. Baada ya vita, Fildimashali von Leeb, aliyeongoza majeshi hayo, alishitakiwa Nuremberg mbele ya majaji wa Kimarekani. Moja ya mambo yaliyojadiliwa ni amri ya kuwapiga risasi raia waliojaribu kutoka. Majaji walisema, mwaka 1948, kwamba wangependa sheria iwe vinginevyo, lakini lazima waitumie kama walivyoikuta. Hawakumtia hatiani kwa hilo.

Ilibidi ifike 1977, katika Itifaki za Ziada za Mikataba ya Geneva, ndipo kifungu cha 54 cha Itifaki ya kwanza kikaandika wazi kwamba ni marufuku kuwashindisha raia njaa kama mbinu ya vita, na ni marufuku kuharibu vyakula, mashamba, mifugo na vyanzo vya maji wanavyovitegemea. Vita vya Vietnam, ambako ndege za Marekani zilimwagia misitu na mashamba sumu ya kuua mimea kuanzia 1962 hadi 1971, vilisaidia kufungua macho ya waandishi. Hesabu wenyewe: kutoka Maimonides hadi hapo ni takriban miaka 800, kumrudishia raia upande wake wa nne.

Mkazi wa Peramiho

Nashukuru kwa uzi, lakini kuna kipande kimekosekana, na kwetu Peramiho hatuwezi kukiacha. Agosti 14, 1905, kabla hata ya Wajerumani kuanza kuchoma mashamba, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili wa Kibenedikti. Hawakuwa wanajeshi. Wazee wetu tunaowaita mashujaa, wenzao ndio waliofanya hivyo. Sheikh ametaja wasia wa kuwaacha watawa. Mtoa mada, tukiwapima Wajerumani kwa Kumbukumbu la Torati, nasi tupimwe kwa mizani hiyo hiyo, la sivyo tunatafuta tu fimbo ya kumpigia mwenzetu.

Kijana wa Matogoro

Mkazi wa Peramiho, umesema kweli na nakubali. Wale masista hawakuwa na kosa lolote la kuuawa. Mwaka 1905 mtu wa Ungindo aliyekuwa akilimishwa pamba kwa nguvu na kuchapwa viboko aliona adui mmoja tu, akida, bwana shamba na sista wote wakawa kitu kimoja. Naeleza ilivyokuwa, sihalalishi. Maji ya Kinjikitile yalikuwa na miiko yake, aliyeyanywa alitakiwa kujitenga na wanawake na kadhalika, kama vile vijana wa Daudi katika 1 Samweli 21. Vita ile ilikuwa na sheria za ndani. Swali ni nani alikuwa amehesabiwa ndani ya sheria hizo, na masista hawakuhesabiwa.

Na hapo ndipo nilipofika baada ya kusoma michango yenu yote. Nilianza uzi nikiuliza kwa nini sheria iliyopo haikufuatwa. Sasa naona mara nyingi ilifuatwa, ila ilikuwa imechorewa mpaka. Mwaka 1139 Mtaguso wa pili wa Lateran, mkutano mkuu wa Kanisa, uliwakataza wapiga mishale na wapiga upinde wa mtambo kutumia silaha hizo dhidi ya Wakristo. Dhidi ya wengine, hakuna neno. Kumbukumbu 20, kama Jiwe alivyosema, ina sheria moja kwa miji ya mbali na nyingine kwa miji ya karibu. Na Ujerumani ilisaini Mkataba wa The Hague wa 1899, unaokataza kuharibu mali ya adui pasipo ulazima wa vita, na kuheshimu maisha na mali za watu wa kawaida. Soma kifungu cha 2: mkataba unawabana waliousaini tu, wanapopigana wao kwa wao. Mngoni hakualikwa The Hague. Oktoba 2, 1904, Jenerali von Trotha alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero huko Namibia, watu wakasukumwa jangwani Omaheke mbali na visima. Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Mkononi walikuwa na sheria nzuri tu, sisi hatukuwa ndani yake.

Afande, umenitajia askari Mwafrika mwenye kiberiti. Nadhani naye alikuwa amechorewa mpaka kichwani mwake: hawa si wa kwetu, hawa ni washenzi wa kusini.

Ndiyo maana sehemu inayonipa nguvu kuliko zote katika Biblia juu ya vita si Kumbukumbu tena, ni Amosi sura ya 1 na mwanzo wa ya 2. Nabii anayataja mataifa moja moja na makosa yao ya vitani. Dameski wameipura Gileadi kwa vyombo vya chuma. Gaza wamechukua watu wote mateka na kuwauza kwa Edomu. Waamoni wamewapasua wanawake wenye mimba ili wapanue mpaka wao. Unadhani analalamika kwa sababu ni Israeli walioumizwa. Kisha inakuja 2:1, Moabu anahukumiwa kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Moabu si Israeli. Edomu si Israeli. Ni maiti ya mgeni iliyonajisiwa na mgeni mwingine, na Mungu wa Amosi anaihesabu kuwa uhalifu. Pale mpaka hakuna. Hakuna mkataba uliosainiwa, hakuna aliyepewa Torati, lakini wote wanatarajiwa kujua kwamba kuna mambo hayafanywi.

Novemba 1, 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja hapa Songea, kwenye makumbusho, akaomba msamaha. Alipoomba nilikumbuka mbegu. Vitanzi vilitajwa, na njaa lazima itajwe sawasawa na vitanzi, hata kwenye hotuba zetu wenyewe za Februari.

Abuu Nasri

Umeniletea akilini Suratul Maida aya ya 8: chuki yenu kwa watu isiwapelekee kutofanya uadilifu. Aya haisemi msichukie. Inajua mtachukia. Inasema hao mnaowachukia bado wana haki kwenu. Nadhani aya hiyo na Amosi wako wangeelewana.

Binti Chigogo

Na jeshi linalokula? Afande amenijibu, ninyi wenye vitabu bado.

Abuu Nasri

Binti yangu, wasia wa Abubakar umesema mnyama asichinjwe isipokuwa kwa kula. Hapo jeshi limeruhusiwa kula. Sijaona mahali palipopimwa kiasi kinachomwachia mwenye mji. Swali lako ni zuri kuliko jibu nililo nalo.

Afande Mstaafu

Kiasi kipo, binti, hata kama hakikuandikwa pale. Ng'ombe wa maziwa huachwa. Mbegu huachwa. Tuliambiwa hivyo na sajini mmoja mzee ambaye hakuwahi kusikia jina la Maimonides.

Jiwe la Pembeni

Amosi nampokea. Ila hujajibu 1 Samweli 15, na uliahidi.

Kijana wa Matogoro

Niliahidi, na nimekaa nayo siku tatu. Nimesoma maelezo ya wataalamu. Wanasema lugha ya kuangamiza wote ilikuwa desturi ya waandishi wa zamani zile. Jiwe la mfalme Mesha wa Moabu, lililopatikana Dhiban mwaka 1868, linajigamba kwamba aliwaua watu wote wa Nebo, 7,000, akawaweka wakfu kwa mungu wake kwa neno la Kimoabu lenye mzizi mmoja na lile la Kiebrania la kuangamiza. Wanasema pia Waamaleki wanaoangamizwa wote katika sura ya 15 wanaonekana tena wazima katika sura ya 30, wakichoma Siklagi. Kwa hiyo huenda mauaji hayakuwa kama yalivyosimuliwa.

Maelezo hayo yananisaidia kuelewa kilichotokea. Hayanisaidii na amri yenyewe, kwa sababu amri imeandikwa, mtoto anayenyonya ametajwa, na kuna watu katika historia walioifungua wakaitumia. Vilevile Elisha huyo huyo wa miti iliyokatwa, sura tatu mbele, 2 Wafalme 6, anamzuia mfalme kuwaua Washami waliotekwa, anaagiza waandaliwe chakula na maji, wale, warudi kwa bwana wao. Nabii mmoja, mikono miwili. Sijui namna ya kuiunganisha.

Kwa Amaleki sina jibu, ndugu yangu. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo: mimi ni msomaji wa masomo kanisani kwetu, na nikipangiwa sura ile nitaisoma yote, sitaruka aya.